Fundi Asiyefuga Jogoo

Fundi hakufuga jogoo. Kuku majike alikuwa nao, sita au saba, wakiparua mbele ya duka lake pale Biryogo, mtaani kwetu Kigali, kama kuku wa mtu yeyote. Lakini kifaranga cha kiume kikianza tu kuota kishungi na kujaribu sauti, Ijumaa haikukikuta. Majogoo wa majirani nao walimsumbua. Alikuwa tayari kukushonea suruali ya mtoto bure, mradi umchinje jogoo wako. Mama yangu, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alikuwa akilea majogoo kwa kusudi hilo tu, na mimi na mdogo wangu tulivaa vizuri.

"Fundi, jogoo amekukosea nini wewe?" mama alimuuliza siku moja.

"Iko anaita watu, mama Zaina."

"Watu gani?"

"Bale wenye wanatafuta."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mtaa mzima ulicheka. Mimi Zaina nilimcheka mtu yule kwa ajili ya jogoo zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa mtoto wa jirani, halafu nikiwa mshonaji wake wa matundu ya vifungo, na leo nikikumbuka kicheko changu naona haya.

Simtaji jina kwa sababu hatukulijua. Mtaani kwetu mafundi cherehani walikuwa wengi, kila baraza na fundi wake, na hao wengine waliitwa Fundi Fulani na Fundi Fulani. Yeye aliitwa Fundi, basi. Alizaliwa wapi, ni mtoto wa nani, usiniulize. Tulizaliwa tukamkuta. Ukimchokonoa alisema, "Mimi ni mtu wa barabara," na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani. Ajabu yake ni kwamba mtu huyo huyo alijua baba na babu wa kila mtu aliyewahi kuvaa nguo Biryogo.

Alikuwa mrefu, mkavu, bega moja limepanda. Aliweza kuzungumza na pini saba mdomoni bila kudondosha hata moja. Alikuwa bahili wa uzi na karimu wa kitambaa: kipande cha uzi cha sindano moja alikitafuta chini ya meza kwa dakika kumi, halafu mabaki mazuri ya sufu akampa mwanamke wa kwanza aliyepita na mtoto mgongoni. Alisali sala tano na kudanganya mara ishirini kwa siku, maana kila nguo ilikuwa tayari "kesho saa kumi." Nilimuuliza kama Mungu haandiki hizo kesho zote. Akasema Mungu pia anavaa nguo za watu wa Biryogo, anajua. Astaghfirullah, nilicheka, halafu nikaangalia kama kuna mtu amesikia.

Nilianza kazi kwake nikiwa na miaka kumi na tano. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, na kazi yangu ya pili ilikuwa kumsomea vipimo kwa sauti akiwa anakata. Hapo ndipo nilipolijua daftari lake la vipimo.

Lilianza kwa sababu ya akina Ramadhani. Mtaani kwetu walikuwa Ramadhani watano, Hassani wanne, na Juma siwezi kuwahesabu. Sisi tunaoitwa Waswahili ni mchanganyiko: wengine ni wajukuu wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, wengine ni watu wa vilima vya hapa hapa waliosilimu wakaja kukaa nasi, na wote tunagawana majina yale yale. Basi mara moja Fundi alikata suti ya harusi ya Ramadhani mchinjaji kwa vipimo vya Ramadhani mwadhini. Bwana harusi akaenda kuoa mikono inaning'inia nje hadi karibu na kiwiko, na bibi harusi akalia, na si kwa furaha. Kuanzia siku hiyo Fundi aliandika kila mteja kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na kilima walikotoka. Chini yake kifua, kiuno, mkono, mguu.

Halafu akaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alishikilia kwamba mwili unarithiwa, kwamba ukimpima babu umeshampima mjukuu nusu. "Bega la baba yako linashuka kushoto," aliniambia, "na la mdogo wako litashuka kushoto. Ungoje." Na kweli lilishuka. Alikuwa na jeuri ya kukata suti ya kijana kabla hajampima, akitazama tu ukurasa wa baba yake, na mara nyingi ilimkaa.

Siku moja nikifungua ukurasa kumtafuta Ramadhani fulani, nikamkuta baba yangu. Ramadhani, mtoto wa Semana, na chini ya Semana jina la babu, na kilima cha kusini ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani, na maneno ya Fundi pembeni: *wachungaji wa ng'ombe za mfalme, bega linashuka kushoto.* Kifua tisini na mbili.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza baba Semana ni nani. Baba alikuwa amesimama. Akakaa kitandani.

Lazima niseme wazi, maana bila hili hakuna kinachoeleweka. Baba alikuja Biryogo mwaka nchi ilipopata uhuru, nyumba yao imechomwa, ndugu zake wengine wamekufa na wengine wamevuka mpaka. Akasilimu, akawa Ramadhani, na mtu mmoja mwenye huruma akamwandikia kitambulisho kipya. Kitambulisho cha kwetu kina mstari wa kabila. Chake kiliandikwa Mhutu. Semana alikuwa Mtutsi. Sisi watoto tulikua na vitambulisho vilivyofuata cha baba, mdogo wangu akawa mwalimu kwa kitambulisho hicho, na katika dunia nzima palikuwa na karatasi moja tu iliyosema vingine.

"Kwa nini ulimwambia, baba?"

"Alikuwa ananipima," baba alisema. "Nilikuwa nimeinua mikono. Mtu akikupima unainua mikono na unajibu."

Nilimwendea Fundi kesho yake nikamwomba auchane ukurasa ule. Alikataa. Nilimwomba tena mwaka uliofuata, na mwingine, na baba alipokufa nikamwomba nikiwa na nguo za msiba. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nikichana wa kwenu, kesho atakuja na Hassani achane wa kwao. Nitabaki na jalada. Na nyinyi mtabaki na nini? Kwa Taira iko mzee alikuwa anaandika kila mtu."

Hapo sasa na Taira. Hata mbele ya kaburi la baba yangu mtu yule hakukosa pa kuwaingiza Taira.

Habari za Taira, ukoo wa kale wa Japani, alizipata kwa Mjapani. Si utani, Mjapani wa Japani, mtaalamu wa mitambo aliyekaa Kigali kama miaka miwili nilipokuwa mdogo. Alimletea Fundi suruali zake kwa sababu fundi mwingine alikuwa amezikata kama za twiga. Siku ya kuondoka alimwachia kitabu cha Kifaransa chenye picha ya kipepeo kwenye jalada, alama ya ukoo huo, na ndani yake ukurasa mkubwa wa kukunjua uliochorwa nasaba yote, baba kwa mtoto, kwa mistari. Fundi alikisoma kidole chini ya neno, polepole, na akikimaliza alianza upya. Ule ukurasa wa kukunjua ulipoanza kuchanika alinakili nasaba nzima kwa mkono wake kwenye daftari la shule la jalada la buluu, sawasawa na lile la vipimo, na yote mawili yalilala kwenye rafu moja. Waliokufa vitani aliwawekea msalaba mdogo. Waliokimbia wakajificha aliwawekea duara.

Wateja walimjua kwa hadithi hiyo kama walivyomjua kwa kola zake. Ulikuwa unasimama mikono juu, futi kifuani, na yeye anakwambia kwamba mwanzo wa Taira ni watoto wa mfalme waliozidi. Mfalme ana watoto wengi, wote hawawezi kula ikulu, basi wadogo wanapewa jina lao na kuambiwa nendeni. Wakaenda. Wakawa watu wa upanga, wakilinda njia za bahari dhidi ya maharamia kwa niaba ya wakubwa waliowadharau. Baba akamwachia mtoto, mtoto mjukuu, nusu yao majina yanaishia *mori*, na sisi watoto mlangoni tukicheka kwa sababu kwetu mori ni ndama. Mpaka akatokea mmoja aliyezidi wote. Akawapiga adui zake, ukoo wa Minamoto, akajaza ndugu zake kwenye kila ofisi, akamwoza binti yake kwa mfalme, na mtoto wa binti yake akawekwa kwenye kiti cha enzi hata hajaacha kunyonya vizuri.

"Halafu?" tuliuliza, ingawa tulijua.

Halafu Minamoto walirudi. Taira wakakimbia na bendera zao nyekundu, wakakimbilia kwenye mashua, na vita vya mwisho vikawa asubuhi kwenye mkondo mwembamba wa bahari. Walipoona wameshindwa, bibi yake yule mfalme mdogo akamkumbatia mtoto, akaingia naye majini. Hapo Fundi alisimamisha cherehani, kila mara, hata kama mteja ana haraka.

Waliobaki walipanda milimani mbali, wakavaa kama wakulima, wakabadili majina. Na hawakufuga jogoo, jogoo asije akamwambia mtu anayepita bondeni kwamba huku juu kuna kaya. Hawakutundika kitu chekundu nje. Kijiji kimoja kilijificha vizuri miaka, kikaponzwa na maji ya kuoshea mchele, yaliyoshuka meupe mtoni hadi kwa watu wa chini.

Na Fundi aliishi hivyo! Si jogoo tu. Maji ya mchele aliyabeba hadi nyuma ya nyumba akayamwaga kwenye shina la mgomba, wakati mtaro ulikuwa mbele ya mlango wake. Vitambaa vyekundu vya maharusi alivitundika ndani. Nilimwambia, "Fundi, wewe unajificha nani? Huna hata mke." Alisema anajizoeza. Mtu huyo anaogopa maji ya mchele, na huku mezani ana daftari lenye babu za watu mia mbili! Nilimwambia hivyo kwa hasira, maneno hayo hayo. Akashtuka kama mtu aliyeguswa na pasi, akashika mkasi, akakata.

Orodha alizichukia. Mwaka mmoja nikiwa mtoto, zilibandikwa orodha za majina ya Watutsi kwenye milango ya shule na ofisi, ukiliona lako hapo usirudi tena kazini. Watu wasiojua kusoma walimfuata Fundi awasomee. Alikwenda, akasoma, akarudi, akafunga duka siku tatu. Mtu mwingine baada ya hapo angelichoma daftari. Alilinunulia mfuko wa nailoni lisilowe mvua.

Sasa nifike kwa Direkteri.

Alikuwa mkubwa kwenye ofisi moja huko Kacyiru, mtu mnene, msafi, mwenye kucheka. Alizaliwa mitaa ya karibu na kwetu, na alipopanda cheo hakumwacha Fundi. Nami wakati huo nilikuwa nimeolewa na kuhamia Remera, lakini siku tatu kwa wiki nilipanda basi kurudi dukani, binti yangu mdogo mgongoni. Siku hiyo Direkteri alikuwa amesimama katikati ya duka na koti lisilo na mkono mmoja, na Fundi anampigia pini begani. Ilikuwa mwaka ule wa tisini, kabla ya mvua.

"Mzee, nipe ile ya Wajapani," alisema. "Dereva wangu hajaisikia."

Fundi akasimulia, na safari hii alianzia mahali ambapo kwa kawaida alipapita haraka. Yule mkubwa wa Taira alipowashinda Minamoto mara ya kwanza, alisema, aliletewa watoto wa adui yake. Watoto wadogo. Alitaka kuwaua. Mama yake wa kambo akamlilia, akasema mmoja wao anafanana na mwanangu aliyekufa. Basi akawaacha hai, mmoja akapelekwa mbali, wengine wakalelewa kwa watawa. Na ni hao watoto waliokuja kuwa wakubwa, wakarudi, wakawafuta Taira.

Nilijua kinachofuata. Fundi alikuwa na mwisho wake: kwamba hata hao washindi hawakufika vizazi vitatu, walimalizana wenyewe kwa wenyewe, na ikulu yao ikakaliwa na wengine. Ndiyo sababu aliipenda hadithi ile. Lakini Direkteri hakumwacha afike.

"Unaona?" alimwambia dereva wake, akimtazama kwenye kioo cha duka. "Kosa lake ni wale watoto. Kazi ulishaianza, unaachaje nusu?"

Dereva akakubali, "Yego, Direkteri."

"Watu wetu pia walifanya lile kosa. Mwaka wa hamsini na tisa, waliacha watoto wa Watutsi wakavuka mpaka." Alisema kwa upole, kama mtu anayezungumzia mvua. Akanigeukia. Binti yangu alikuwa ameamka mgongoni kwangu, Direkteri akamfinya shavu. "Huyu mzuri. Anaitwa nani?"

Nilimtajia. Sindano ilikuwa imeingia kidoleni na sikuisikia.

Fundi alikuwa na pini mdomoni na hakusema kitu. Mtu aliyeweza kuzungumza na pini saba! Direkteri akajitazama begani, akasifu lilivyokaa. Na hapo Fundi, Mungu amsamehe, akafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya. Alisifiwa kazi, akajibu kwa mazoea.

"Ni bega la baba yako," alisema. "Nilimpima. Babu yako pia nimemuandika."

"Mpaka babu?"

"Wote wako humo."

Direkteri alilitazama daftari mezani. Akacheka. "Mzee, basi wewe unatujua kuliko sisi ofisini," alisema, akavua koti polepole asijichome na pini, akaenda zake.

Gari lake likaondoka. Nilimwambia Fundi mambo ambayo mtoto wa kike hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Nilimwambia ametuua. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kifuko chake. Hakujitetea. Toka siku hiyo hakuna aliyemsikia tena akisimulia habari za Taira, na mteja akiomba alisema amesahau.

Kilichofuata kilinifanya nimdhanie ameingiwa na uzee. Alianza kudai nguo za watu. Alipita nyumba kwa nyumba: lete kanzu ya marehemu, lete gauni la Idi, lete koti la bwana, upindo wake nilishona vibaya, naona aibu, nirekebishe bure. Mtu aliyekuwa anachelewesha suti miezi mitatu sasa anarudisha nguo siku ya pili. Mtaa ulifurahi. Mimi nilipeleka gauni langu la kijani kwa sababu alinisumbua kupita kiasi, na liliporudi upindo ulikuwa mgumu kidogo na mzito. Ndani yake alikuwa ametarizi kipepeo kidogo kwa uzi mwekundu. Niliona ni fundi mzee anacheza. Nikalikunja nikaliweka sandukuni. Daftari la buluu lilikuwa bado mezani, kila nilipokwenda niliona jalada lake, na nilikuwa simsemeshi zaidi ya salamu.

Oktoba vita vikaanza mpakani. Siku chache tu, na Kigali ikajaa vizuizi, na watu wakaanza kuchukuliwa majumbani na makazini, makundi kwa makundi, wakisemwa ni *ibyitso*, wasaidizi wa adui. Kitambulisho kilitazamwa kila kona. Changu kilipita. Cha mdogo wangu kilipita. Kila kilipopita niliwaza daftari lililokuwa mezani kwa Fundi.

Asubuhi ya Jumamosi sikuvumilia. Nilitoka Remera kwa miguu, mabasi hayakuwepo, nikiwa nimeamua kulichukua daftari kwa nguvu hata kama ni kumsukuma mzee chini. Nilipokata kona ya Biryogo gari lilikuwa tayari mbele ya duka. Wanaume wanne, wawili na bunduki. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, koti la Direkteri limetandazwa, bado mkono mmoja.

"Iko wapi ile kitabu ya majina?" mmoja aliuliza.

Fundi hakubishana. Alinyoosha kidole mezani, kwenye daftari la buluu. Yule mtu akalifungua. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara, na niliona uso wake anavyosoma: mistari, majina, baba na mtoto, misalaba.

"Yote iko humu?"

"Yote," Fundi alisema.

Wakamvuta mkono, wakamwingiza garini na daftari. Alinipita kwa macho kama hanijui. Kuku wake waliruka pembeni gari lilipogeuka, halafu wakarudi kuparua pale pale. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya duka la mkaa. Amenyoosha kidole, niliwaza. Amewapa. Nilimlaani kwa sauti, nikamlaani na mama aliyemzaa, hapo barabarani, na watu wakisikia.

Wiki zilizofuata sitazieleza sana. Nilimwambia mdogo wangu akimbie, akasema kukimbia ndiko kunakomtia mtu hatiani, akaendelea kufundisha. Watoto niliwapeleka kulala kwa shangazi yao. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu nilizima taa nikasimama nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyekwenda kwa Hassani wala kwa akina Juma. Na sikuelewa, na kutoelewa kule kulikuwa kubaya kuliko kubishiwa hodi.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha nilipoletewa habari kwamba Fundi ameachiwa. Mtaani walisema Direkteri alitaka suti yake. Kama ndivyo, basi alikosea, maana nilipoingia dukani mchana ule nilimkuta Fundi kwenye kigoda changu, karibu na mlango, mikono juu ya mapaja imefungwa vitambaa, na vidole vilivyojitokeza havikuwa na umbo la vidole. Alikuwa amekonda mpaka bega lake lililopanda limeshuka.

Nilikuwa nimekuja kumtukana. Nilimchemshia chai nikamnywesha kwa kijiko.

"Uliwapa," nilisema hatimaye. "Kwa nini basi hawajaja?"

"Gauni ya kijani iko wapi?"

"Sandukuni. Fundi, nakuuliza habari ya daftari."

"Ndiyo mi nakujibu. Kwenye upindo. Ya kwenu iko kwa upindo. Ya Hassani iko kwa kanzu ya baba yake. Kila mtu nilimrudishia yake." Alipumzika. "Chana wewe mwenyewe. Mimi nilishindwa kuchoma. Nilijaribu, nikashindwa."

Nilimtazama, halafu nikatazama meza, mahali palipokuwa na jalada la buluu, na rafu iliyokuwa na madaftari mawili, sasa tupu. Hapo ndipo nilipoelewa walichukua lipi.

"Ya Taira," nilisema.

"Wiki mbili waliniuliza," alisema Fundi. "Hawa ni nani? Nikasema ni ukoo moja, watu wakubwa. Mbona majina si ya hapa? Nikasema walibadilisha majina. Hawa wenye misalaba? Wamekufa. Wamekufia wapi? Kwa maji. Na hawa wenye duara?" Akatazama mikono yake. "Hao ndiyo walikuwa wanataka. Nikasema wamejificha. Wapi? Kwa milima. Mlima gani? Nikasema mbali. Zaina, sikusema uongo hata moja. Mimi, mwenye kusema kesho saa kumi! Wakavunja kidole, nikawapa jina. Wakavunja ingine, nikawapa ingine. Waliandika zote kwa mashini."

Nilianza kucheka na nikajikuta nalia. Nilimwomba msamaha kwa laana, nikamwambia maneno niliyoyasema barabarani, yote. Alisema alisikia, gari lilikuwa halijafika mbali.

"Lakini itakwisha," alisema. "Sasa wanatafuta hao. Watatafuta, watakosa. Kuna mtu atasoma vizuri, atajua nilimcheka. Na Direkteri hajasahau. Yeye ile hadithi aliielewa." Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana siku zote aliangalia mabega. "Nilifikiri nasimulia nini mimi, miaka yote ile? Nilikuwa namfundisha."

Nyuma ya nyumba ya jirani jogoo aliwika, mchana kweupe, kama wanavyowika wakitaka. Fundi aliruka kwenye kigoda, chai ikamwagika, na mikono ile iliyofungwa ikainuka juu yenyewe, yote miwili, ikabaki hewani. Nikaishika nikaishusha polepole.

Nilirudi Remera kabla ya jua kushuka. Nilifunga mlango, nikatoa gauni la kijani, nikafumua upindo kwenye kipepeo. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Niliisoma mara tatu, Semana na baba yake Semana na kilima, mpaka nikajua sitasahau, kisha nikaitia kwenye mkaa na kuisimamia hadi mwisho. Halafu nikatoka uani. Tulikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na mume wangu alimpenda. Nilimkamata mwenyewe, nikampelekea mume wangu pamoja na kisu, nikamwambia achinje sasa hivi bila kuniuliza.

Watoto walikuwa wamerudi kutoka kwa shangazi yao. Walipoona ninanyonyoa walirukaruka kwa furaha, wakauliza ni mgeni gani anakuja.